Komisioni, TVA na karatasi ya "mtu huru"

Kisangani imejaa watu wasiojua mshahara wa mwezi ni nini. Yupo komisioneri anayewatafutia wapangaji nyumba Makiso na Kabondo. Yupo dada wa kibanda cha M-Pesa au Airtel Money karibu na soko kuu. Yupo muuza simu anayelipwa asilimia kwa kila kifaa kinachotoka dukani, na kijana anayezungusha sabuni na mafuta ya ngozi juu ya toleka kutoka Mangobo, kisha anavuka mto kwenda Lubunga. Wote hao hula komisioni. Mbele ya sheria, hata hivyo, hawamo katika kapu moja.

Tuseme kijana wa sabuni anaitwa na bosi wa depo. Anaambiwa asaini karatasi inayosema yeye ni mtu huru, anajitegemea, si mfanyakazi wa depo. Ajitafutie namba ya kodi, ajilipie kodi zake, na TVA, yaani kodi ya ongezeko la thamani, akiulizwa ajue mwenyewe. Kesho yake asubuhi bosi yuleyule anamdai afike saa moja na nusu, anampangia mtaa wa kuuza, anamkataza kubeba bidhaa za depo jingine, na akichelewa anamkata makuta.

Karatasi hiyo haimalizi kesi. Code du travail, sheria ya kazi ya 16 Oktoba 2002 iliyorekebishwa mwaka 2016, inamwita mfanyakazi kila aliyekubali kuweka kazi yake, kwa malipo, chini ya uongozi na mamlaka ya mwingine. Sheria hiyo inaongeza kuwa hadhi ya kisheria ya mwajiri au ya mwajiriwa haiangaliwi katika kuamua jambo hilo. Tena inapotaja vitu vinavyounda malipo ya mfanyakazi, komisioni imo, imeandikwa wazi. Kwa hiyo hoja ya mabosi wengi kwamba "huyu hana mshahara, anakula asilimia tu" haina mguu. Swali ni nani anayetoa amri, nani anayekagua, na nani mwenye uwezo wa kuadhibu. Nchini Ufaransa, Cour de cassation ilipima hivyohivyo tarehe 4 Machi 2020 ilipoamua kwamba dereva wa Uber aliyesajiliwa kama mtu huru alikuwa kwa kweli na mkataba wa kazi.

Na kama hakuna mkataba wowote ulioandikwa? Hapo sheria inamlinda mfanyakazi kuliko anavyodhani. Mkataba usio na maandishi huhesabiwa kuwa wa muda usio na kikomo mpaka kinyume chake kithibitishwe, na mfanyakazi anaruhusiwa kuuthibitisha kwa njia yoyote ya kisheria. Ujumbe wa WhatsApp wenye ratiba, daftari la mauzo lenye saini ya msimamizi, beji, mashahidi: vyote vitunzwe.

Akitambuliwa kuwa mfanyakazi, TVA inaondoka mezani kabisa, kwa sababu kodi hiyo humhusu anayefanya biashara kwa kujitegemea. Kodi ya mapato yake inakatwa na kupelekwa na mwajiri. CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, nayo inamdai mwajiri asilimia 13 ya malipo na mfanyakazi asilimia 5. Ukitazama hesabu hizo, unaelewa mara moja kwa nini mabosi hupenda sana neno "huru".

Komisioneri wa nyumba ni habari nyingine. Hana bosi, anajipangia siku yake, leo anamtumikia mwenye lupango huyu na kesho yule. Huyo ni mtu huru kweli. Je, TVA inamhusu?

TVA ililetwa na Ordonnance-loi namba 10/001 ya 20 Agosti 2010 na kuanza kutozwa tarehe 1 Januari 2012, kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 16. Haimgusi kila mwenye biashara. Mlango wake ni mauzo ya mwaka yanayofika franka 80,000,000. Mwaka 2012, dola ikiwa karibu franka 920, kiasi hicho kilikuwa kama dola 87,000. Kwa kiwango cha mwaka 2024, karibu franka 2,800 kwa dola, franka zilezile hazifiki dola 29,000. Anayefanya biashara kwa dola asidhani mlango huo uko mbali kama zamani.

Kuna mtego hapa. Sheria ya TVA inawataka watu wa profession libérale, yaani kazi huru za kitaaluma, waingie bila kujali ukubwa wa mapato yao, na komisioneri asiyejua haki yake anaweza kutiwa katika kundi hilo. Ana jibu. Sheria ya biashara ya OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, ambayo Kongo ilijiunga nayo mwaka 2012, inahesabu udalali na uwakala kuwa kazi za biashara, na inataja hata upatanishi wa kuuza au kupangisha nyumba. Komisioneri ni mfanyabiashara, hivyo kipimo cha franka milioni 80 ni chake.

Kinachohesabiwa nacho kinaleta ugomvi. Anayewakutanisha watu wawili mauzo yake ni komisioni peke yake. Kodi ya nyumba anayopokea mwenye lupango haimo. Lakini anayenunua sabuni kwa jumla na kuziuza tena kwa jina lake, mauzo yake ni bei yote.

Chini ya milioni 80 uliwekwa utaratibu wa wadogo, kwa Ordonnance-loi namba 13/006 ya 23 Februari 2013. Asiyezidi franka 10,000,000 kwa mwaka aliwekewa kodi moja ya franka 50,000. Kati ya hapo na milioni 80, muuza bidhaa aliwekewa asilimia 1 ya mauzo, na mtoa huduma asilimia 2. Kwa viwango hivyo, komisioneri anayepata franka 300,000 kwa mwezi hufikisha 3,600,000 kwa mwaka, basi yumo katika kundi la kwanza. Anayepata milioni mbili kwa mwezi hufikisha milioni 24, na asilimia 2 yake ni franka 480,000. Sheria za fedha huweza kugusa viwango hivi kila mwaka, kwa hiyo kiwango cha mwaka husika kiulizwe DGI, idara kuu ya kodi, kabla ya kulipa, na malipo yaende benki, yarudi na risiti. Makuta yaliyotiwa mkononi mwa mtu barabarani hayafuti deni la leta, yaani serikali.

Namba ya kodi pekee haimfanyi mtu awe wa TVA. Asiyesajiliwa kwa kodi hiyo haruhusiwi kuiandika kwenye fakture. Akiandika asilimia 16 ili aonekane mkubwa, anadaiwa hiyo asilimia 16 na leta. Aliyesajiliwa hutoa tamko lake kila mwezi, kabla au ifikapo tarehe 15 ya mwezi unaofuata.

Hata wakala huru hafukuzwi kama mbwa. OHADA inampa wakala wa biashara notisi ya mwezi mmoja katika mwaka wa kwanza wa mkataba, miwili katika wa pili, mitatu kuanzia wa tatu, pamoja na fidia mkataba ukivunjwa bila kosa lake kubwa. Fidia hiyo lazima aidai ndani ya mwaka mmoja.

Kijana wa sabuni pia asikawie: madai ya malipo ya kazi hufa baada ya mwaka mmoja. Haanzii mahakamani. Anapeleka shauri kwa Inspection du travail, ambayo huziita pande zote mbili kupatanishwa. Wasipoelewana, mkaguzi huandika hati ya kushindwa kwa upatanisho, na kwa hati hiyo kijana anaweza kufungua kesi katika mahakama ya kazi, au katika Tribunal de grande instance pale ambapo mahakama ya kazi haijawekwa.