Dondoo muhimu: Hita ya gesi bandani

Ifakara ni joto, lakini usiku wa masika kifaranga wa siku moja bado anataka nyuzijoto 32 hadi 35. Ining'inize hita kwa mnyororo, si kamba, isije ikaanguka. Matandiko yetu ya maganda ya mpunga yakishika moto huungua chini kwa chini, utashtukia kumekucha.

Paka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira na regulata. Mapovu yakichipuka, usiwashe. Kuwasha, kiberiti kwanza, gesi baadaye. Hita ikizimika ghafla, funga mtungi, fungua mapazia, usiharakie kiberiti: gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hutuama sakafuni.

Kuzima, anza na mtungi. Mwali ukiisha, funga hita. Hita ikiwa inawaka, juu ya mapazia acha upenyo wa hewa, hata mvua ikinyesha.