Ekaristi, Sakramenti ya Umoja

Ngano haioti Unguja. Kisiwa hiki chatoa karafuu, nazi na muhogo, bali hostia iwekwayo juu ya altare ya Kanisa la Mtakatifu Yosefu, ambalo watu wa Mji Mkongwe huliita Minara Miwili, ni ya ngano iliyovuka bahari. Hata waamini wenyewe wengi wao asili yao ni ng'ambo.

Mwezi wa Desemba 1860 Padre Fava na wenzake waliwasili Unguja kutoka kisiwa cha Réunion. Mwaka 1863 Mapadre wa Roho Mtakatifu wakaipokea kazi yao. Tangu hapo wamekusanyika humo watumwa waliokombolewa, Wagoa, Wazungu, na watu wa makabila mengi ya bara. Kila mmoja alikuja na lugha yake na desturi zake. Altare ilikuwa moja.

Lakini, ndugu wasomaji, twaweza kuushiriki mkate mmoja tukabaki mbalimbali. Mtakatifu Paulo aliwafundisha Wakorinto kwamba, mkate ukiwa mmoja, wale walio wengi wamekuwa mwili mmoja. Kisha akawakemea, kwa kuwa walipokusanyika kwa karamu ya Bwana tajiri alishiba na maskini akaona njaa.

Je, sisi ni bora kuliko wao? Twatoka kukomunika, na nje ya kanisa kila mmoja atafuta watu wa kabila lake. Mgeni aliyekuja juzi kutafuta kazi asimama peke yake. Jumuiya hii haina habari ya msiba wa jumuiya ile. Katika kisiwa ambamo Wakatoliki ni wachache, hasara hiyo ni kubwa. Wala tusidhani kwamba huko bara tumesalimika nayo.

Jumapili, tarehe 17 Februari 2013, Padre Evaristus Mushi aliuawa kwa risasi huko Mtoni, Unguja, alipowasili kanisani kuadhimisha Misa. Alikuwa akienda kuwaandalia watu meza hii. Haifai tuiendee huku tumemnunia ndugu.

Yatupasa basi, kabla ya Jumapili ijayo, kila mmoja apatane na yule asiyesemezana naye, kama Bwana wetu alivyoagiza. Na baada ya Misa asirudi nyumbani kabla hajamwamkia mtu asiyemjua. Punje za ngano zikisha kusagwa, ni nani awezaye kusema hii ilitoka shamba gani? Nasi tukubali kusagwa hivyo.