Kumchagulia Mhusika Mchumba: Kutoka kwa Adili hadi Mchezo wa Kompyuta

Katika Adili na Nduguze (1952) ya Shaaban Robert, Adili anamkuta Mwelekevu katika mji ambao watu wake wamegeuka mawe. Msomaji hana haja ya kuuliza kama wawili hao wanafaana. Majina yamekwisha kumjibu. Wanaobaki nje ni Hasidi na Mwivu, na husuda yao ndiyo inayomtosa Adili baharini. Hivyo, mchumba anausukuma msuko, lakini hakuchaguliwa kwa maana kamili ya neno: mtunzi alikwisha kumposea shujaa wake.

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, anayecheza Baldur's Gate II (2000) yumo katika hali tofauti. Mchezo huo wa kifantasia humwachia mchezaji sehemu ya kazi ya mtunzi. Mhusika wake wa kiume akimtaka Jaheira, anamtaka mwanamke ambaye mumewe, Khalid, ameuawa mwanzoni mwa kisa. (Msomaji wa Pwani atauliza papo hapo: na eda je?) Swali hilo ndilo lenye uzito. Kumposa mjane kwadai subira, na kila jibu humfichua mposaji kuliko mposwa. Anayejifunza kutunga hadithi za ajabu na amtafutie mhusika wake mchumba wa namna hiyo, ambaye kumpata kuna gharama.

Mhusika wa kike, hata hivyo, aliwekewa mwanamume mmoja tu, Anomen. Hapo mchezo unarudi palepale kwa Mwelekevu: posa imekwisha kupelekwa, mwenyewe hakuulizwa.