SOMO: Kutengeneza Paipu ya Mafuta Inayovuja kwenye Gari la Zamani

Vijijini magari mengi ni ya zamani. Pikapu ya miaka ya 1980 ndiyo inayopeleka mahindi sokoni, na usiku ndiyo inayomkimbiza mama mjamzito hospitali. Paipu ya mafuta ikitoboka, gereji iko mbali. Wengi wetu hupaka sabuni ya kipande au kufunga mpira wa baiskeli. Hayo huzuia kwa muda mfupi tu, kwa sababu petroli hulainisha mpira wa kawaida mpaka ukaachia.

Somo hili linahusu gari la petroli lenye kabureta, ambalo msukumo wa mafuta yake ni mdogo. Gari la petroli lisilo na kabureta, yaani la EFI, lina msukumo mkubwa unaobaki ndani ya paipu hata injini ikizimwa. Hilo tumwachie fundi.

Tujue hatari yake

Kinachowaka si petroli ya maji bali mvuke wake. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini na kujikusanya mashimoni. Jiko la mkaa lililo mita kadhaa kutoka kwenye gari laweza kuuwasha. Hatujasahau moto wa lori la mafuta pale Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, uliochukua maisha ya watu zaidi ya 100.

Kwa hiyo tufanye kazi nje, mchana, injini ikiwa imepoa. Watoto, sigara, simu na moto wa jikoni vikae mbali. Mtungi wa kuzimia moto wa unga, au angalau ndoo ya mchanga mkavu, uwe karibu. Tusimwagie maji petroli inayowaka, maana huelea juu ya maji na kusambaza moto.

Mahitaji

Mpira maalumu wa mafuta (si wa maji ya rejeta), klipu mbili za kukazia, bisbisi, msumeno wa chuma, tupa, msasa, vitambaa safi na chombo cha chuma cha kukingia mafuta.

Hatua za kufuata

1. Zuia matairi kwa mawe. Ukiinua gari, lisimame juu ya magogo imara. Jeki peke yake haitoshi.

2. Fungua waya wa hasi wa betri ili kusiwe na cheche.

3. Fuata paipu kutoka tangini hadi kwenye pampu. Mahali penye vumbi lililolowa ndipo panapovuja. Angalia hasa inapopita kwenye chasisi na kusuguana na chuma.

4. Fungua kifuniko cha tangi, kisha achia paipu na kinga mafuta. Ziba upande wa tangi kwa boliti safi inayobana. Usinyonye mafuta kwa mdomo: yakiingia kwenye mapafu huyaunguza. Aliyemeza asitapishwe, apelekwe hospitali haraka.

5. Kata kipande kibovu mpaka ufikie chuma kizima. Laini ncha kwa tupa na msasa, kisha futa vumbi la chuma lisiingie kwenye kabureta. Kutu ikiwa imeenea, badilisha paipu yote ya chuma. Usiunge kwa mpira mrefu.

6. Vesha klipu kwenye mpira kwanza. Mpira uingie kwa kubana, angalau sentimita 2.5 kila upande. Kaza klipu kiasi. Ukizidisha itakata mpira.

7. Funga paipu kwenye chasisi isichezecheze, mbali na ekzosi.

8. Kausha kila kitu, subiri harufu iishe, rudisha waya wa betri na uwashe. Pitisha kitambaa kikavu kwenye maungio. Kikilowa, zima mara moja na urudie. Kikibaki kikavu kwa dakika 10, kagua tena baada ya safari ya kwanza.

Usichomelee paipu wala tangi. Tangi tupu ni hatari zaidi, kwa kuwa limejaa mvuke. Mafuta machafu yasimwagwe karibu na kisima.

Kama gari ni la dizeli

Ufa kati ya tangi na pampu huweza kuingiza hewa bila kudondosha mafuta. Injini hukosa nguvu au hukataa kuwaka. Baada ya kutengeneza ni lazima kutoa hewa kwa pampu ya mkono. Paipu nyembamba za chuma ziendazo kwenye nozeli tusiziguse injini ikiwaka: mafuta hutoka kwa nguvu ya kupenya ngozi. Jeraha la namna hiyo, hata likiwa dogo, lipelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni nani kijijini kwetu anayekagua gari kabla ya safari, na hukagua nini?

2. Petroli ya akiba tunaihifadhi wapi? Je, ni mbali na jiko na mahali tunapolala?

3. Tufanyeje ili mita moja ya mpira wa mafuta na klipu vikae ndani ya gari siku zote?