ZAWADI ILILETA WAANDISHI, HAIKUWABAKIZA

Msomaji aliyezoea kufungua ukurasa huu ili atazame bei ya dagaa wa Mwaloni Kirumba atuwie radhi wiki hii. Tunajadili bidhaa isiyopimwa kwa debe wala kwa gunia, nayo ni saa za mtu anayekaa kuandika bila kulipwa. Bidhaa hii ina soko, ina ushindani, na ikipotea hasara yake ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Mfano wetu ni Wikipedia ya Kiswahili, ile kamusi elezo ya intaneti iliyoanza mwaka 2003. Mtu yeyote anaweza kuandika humo, mtu yeyote anaweza kusahihisha, na waandishi wake hawana mshahara. Mwanafunzi wa Sengerema anayetafuta habari za sangara, au mgeni anayetaka kujua Ukerewe ni kisiwa cha namna gani, husoma kazi ya watu waliotumia jioni zao na bando zao wenyewe. Makala nyingi ni fupi mno, mistari mitatu au minne, na waandishi wenyewe huziita mbegu. Ili mbegu hiyo iwe makala kamili lazima mtu arudi kuiendeleza, na hapo ndipo penye shida.

Novemba 2009 kampuni ya Google ilitangaza mashindano ya kuandika makala katika Wikipedia hiyo kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania. Zawadi zilikuwa nono: kompyuta za kubebea, simu, modemu. Mwanafunzi wa wakati ule aliiona kompyuta kwenye maabara ya chuo au kwenye intaneti kafe, analipa kwa saa huku jicho likiwa kwenye dakika zinazokwisha. Kuwa na kompyuta yake mwenyewe halikuwa jambo dogo. Makala zilimiminika kwa mamia. Januari 2010 mashindano yakafungwa, na washindi wakapewa chao. Kisha karibu wote wakaondoka. Walibaki wenyeji wachache wa zamani, wakiwa na kazi ya ziada ya kusafisha makala zilizotafsiriwa haraka haraka kutoka Kiingereza, baadhi kwa mashine.

Wanafunzi wale hawana lawama. Waliambiwa andika upate kompyuta, wakaandika, wengine wakapata. Mkataba ulitimizwa na pande zote mbili. Aliyekodi vibarua hawezi kushangaa kwamba siku ya malipo ndiyo siku ya kuagana. Hata hivyo ukiifunga hesabu utaona kwamba fedha yote iliwekwa kwenye kumleta mwandishi mlangoni, na hakuna iliyowekwa kwenye kumkaribisha ndani. Yeyote aliyesoma biashara alifundishwa mapema kuwa kumpata mteja mpya ni ghali kuliko kumtunza uliye naye. Kwa wanaojitolea kanuni hiyo inauma zaidi, kwa sababu huna bei ya kupunguza ili arudi.

Wataalamu wa uchumi wamelichunguza jambo hili kwa vipimo. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2000, wanafunzi wa sekondari huko Israeli walitumwa nyumba kwa nyumba kukusanya michango ya hisani, wawili wawili. Kundi la kwanza halikulipwa kitu, likakusanya wastani wa shekeli 239 kwa kila wawili. Kundi la pili liliahidiwa asilimia 1 ya makusanyo, likapata shekeli 154 tu. Kundi la tatu liliahidiwa asilimia 10, likafika shekeli 219. Yaani hata walioahidiwa malipo makubwa hawakuwafikia waliofanya bure. Kazi iliyokuwa hisani iligeuka kibarua, na kwa waliopewa asilimia moja kikawa kibarua cha malipo duni.

Asije mtu akasema tumeandika kuwa anayejitolea asipewe chochote. Ujira na gharama ni vitu viwili tofauti. Ziwani kwetu hesabu ya mtumbwi huanza kwa kuondoa gharama, mafuta kwanza, ndipo mgawo ufuate. Hakuna mvuvi anayeona kuwa mafuta yaliyoingia kwenye injini ni mshahara wake. Kadhalika kijana wa Nyegezi au Igoma anayeandika bure asidaiwe tena bando na nauli ya daladala kwenda kwenye mkutano wa waandishi. Mrudishieni gharama zake, tena kimya kimya na kwa wakati. Miradi mingi hupoteza watu wazuri kwenye jambo hili dogo huku ikihangaika kutafuta mfadhili wa fulana.

Basi, kama si zawadi, ni kitu gani kinachomrudisha mwandishi? Jibu moja lilitoka China bila mtu kulipanga. Oktoba 2005 serikali ya nchi hiyo iliifunga Wikipedia ya Kichina kwa watu waliokuwa ndani ya China bara. Waandishi walioko nje ya nchi hawakuzuiwa kitu, na intaneti yao ilikuwa ile ile. Watafiti wawili walipoihesabu kazi yao, katika makala iliyochapishwa mwaka 2011, walikuta mchango wao umeshuka kwa wastani wa asilimia 42.8. Wasomaji ndio waliokuwa wamepungua. Mtu anayeandika bure, kumbe, naye anauza, na malipo yake ni kusomwa. Soko likifungwa hapeleki mzigo.

Hili lina maana kubwa kwa mtu wa Mwanza. Mpe mwandishi mpya kazi ya kutafsiri habari za mji wa Ulaya ambao hajaufika wala hakuna jirani yake anayeuulizia, naye atachoka kabla ya mwezi kwisha. Mpe habari za Aniceti Kitereza, yule mwandishi wa Ukerewe aliyemaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945 na kusubiri zaidi ya miaka 30 kabla haijachapwa kwa Kiswahili. Mpe mialo, vivuko, soko la samaki. Akimaliza, mwonyeshe idadi ya watu walioifungua makala yake, maana Wikipedia ina hesabu hizo na zinatazamwa bure. Wengi huandika miaka bila kujua kwamba hesabu hizo zipo.

Jibu la pili ni kuonwa na wenzako. Watafiti wa Marekani, katika kazi iliyotoka mwaka 2012, waliwachukua waandishi 200 kutoka asilimia moja ya wachapakazi wakuu wa Wikipedia ya Kiingereza. Nusu yao waliwekewa kwenye kurasa zao picha ya nyota ya kuwapongeza, nusu hawakupewa kitu. Nyota hiyo haina thamani dukani. Katika siku 90 zilizofuata waliopewa walizidi kwa kazi takribani asilimia 60. Huko kwenye Wikipedia ya Kijerumani, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa wageni waliopewa tunzo ya namna hiyo walibaki kwa asilimia 20 zaidi ya wasiopewa. Tofauti yake na kompyuta ya mashindano ni hii: kompyuta ilitangazwa kabla ya kazi, nyota ilikuja baada ya kazi, bila kuahidiwa, kutoka kwa mtu wa ndani.

Kinyume chake nakijua mwenyewe. Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni niliandika makala fupi juu ya biashara ya dagaa na kuiweka kwenye mradi mmoja wa kuandika kwa pamoja, ambao sitautaja. Asubuhi yake nikakuta imefutwa, bila neno. Pengine ilistahili, kwani sikuweka hata chanzo kimoja. Lakini sikuambiwa, nami sikurudi kwa miaka miwili. Wikipedia ya Kiingereza yenyewe ilipitia hayo kwa mizani kubwa: waandishi wake hai walifika kilele mwaka 2007 kisha wakaanza kupungua, na uchunguzi wa mwaka 2013 ulitaja kama sababu mojawapo namna kazi za wageni zilivyokuwa zikifutwa upesi, mara nyingi kwa mashine. Mgeni mmoja, hata mwenye makosa, anahitaji mtu wa kumwandikia mistari miwili ndani ya siku ya kwanza: karibu, hapa umekosea, rekebisha hivi. Hiyo ni dakika tano za mwenyeji mmoja, rahisi kuliko mashindano mapya.

Halafu kuna suala la mbalamwezi. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu hupumzika, hushona nyavu na kutengeneza mitumbwi. Hakuna tajiri wa mtumbwi anayewaita wavivu. Waandishi wa kujitolea nao wana mbalamwezi zao: mitihani ya chuo, kilimo, ndoa, mtoto mchanga. Kiongozi wa kikundi anayetuma ujumbe kila siku kuuliza fulani yuko wapi atawafukuza hata waliokusudia kurudi. Ni heri apange kazi kubwa baada ya mitihani, na wakati wa ukimya aache kazi ndogo ndogo za kusahihisha tahajia kwa atakayekuwa na nusu saa.

Lililobaki ni gumu kuliko yote kwa waanzilishi, nalo ni kugawa funguo. Wikipedia ya Kiswahili ina wakabidhi, wale wenye mamlaka ya kufuta kurasa na kuzuia waharibifu. Kikundi ambacho mamlaka hayo na neno la siri la barua pepe viko kwa mtu mmoja kinaendeshwa kama duka la mtu mmoja, akiugua limefungwa. Aliyefanya kazi mwaka mzima bila ujira apewe jambo la kuamua, hata kama ataamua tofauti na mwanzilishi.

Wiki ijayo tunarudi Mwaloni na bei zetu za kawaida.