Nifunge au niendelee? Nilivyopiga hesabu ya saluni yangu Mtae

Somo la leo refu kidogo, ila kama una biashara inayokukosesha usingizi, kaa na daftari karibu.

Mimi niko Mtae, Lushoto, kule juu ukingoni ambako ukitazama chini unaiona mbuga ya Mkomazi. Nilimaliza kidato cha nne, nikaenda Lushoto mjini kusuka kwenye saluni ya mtu miaka miwili, nikarudi nyumbani kufungua yangu. Mtaji 800,000. Laki tatu nilidunduliza mwenyewe, laki tano mama alinikopea kwenye kikoba chao. Nikapanga fremu kwa 40,000 kwa mwezi, nikaweka kiti, draya, kioo, shelfu ya vipodozi na wigi sita ukutani. Picha nikawa narusha kila siku, statasi imejaa mpaka ndugu zangu wanalalamika.

Jioni moja mwezi wa tano mama alipita dukani. "Mwanangu, kikao cha kikoba ni kesho. Marejesho yapo?" Nikamwambia avumilie, kuna wateja hawajanilipa. Hakugomba. Akaitazama ile shelfu, akaniuliza, "Hivi makopo yote haya ni hela yetu imelala hapa?" Kesho yake akauza viazi vya chakula akalipa yeye. Mwezi uliofuata akalipa tena yeye.

Hapo ndipo nilianza kujiuliza nifunge au niendelee. Nilivyouliza watu, nusu waliniambia usikate tamaa, nusu wakasema biashara ya urembo kijijini haipo. Wote hakuna aliyeona daftari langu. Na mimi mwenyewe sikuwa nalo! Nilikuwa najua tu kwamba hela inaingia kwenye simu na inatoka.

Basi nikaandika mwezi mzima, kila shilingi. Mauzo yalifika 412,000, nikafurahi kama nimeshinda. Bidhaa nilizouza nilizinunua kwa 236,000, ikabaki 176,000. Toa kodi ya fremu 40,000, umeme 10,000, bando 15,000, nauli za mizigo 26,000. Ikabaki 85,000. Si mbaya, eti? Tatizo ni kwamba wigi mbili nilikopesha, 80,000 bado iko kwa watu. Mkononi nilikuwa na elfu tano. Siku 26 za kusimama, elfu tano.

Ungeniambia niamue siku ile, ningefunga. Bahati nzuri nilirudia hesabu kwa namna nyingine, na hii ndiyo naomba uishike. "Biashara haiendi" ni neno moja, ila ndani yake mna biashara kadhaa zimefungwa kamba moja. Mimi nilikuwa nazo tatu: kusuka, mafuta na losheni, na wigi. Nikazifungua kila moja na ukurasa wake.

Kusuka: vichwa 14, kila kimoja 8,000, jumla 112,000. Rasta mteja anakuja nayo, mtaji wangu ni vidole. Mafuta na losheni: nimeuza 140,000, nilinunua 108,000, faida 32,000. Wigi nne kwa 40,000, kila moja nilinunua 32,000, faida nayo 32,000. Kwa hiyo bidhaa zote pamoja zilinipa 64,000. Lakini zile nauli 26,000 zote ni za bidhaa, kusuka hakuhitaji basi. Ikabaki 38,000. Na fremu nilipanga kwa sababu ya nini? Kwa sababu ya kuweka bidhaa. Kodi 40,000. Yaani shelfu nzima ilikuwa inaniingizia hasara ya elfu mbili kila mwezi, na mikono yangu ndiyo ilikuwa inailipia shelfu umeme na bando.

Kwenye wigi ndiko nilikojicheka. Wawili kati ya wateja wanne walikuwa Tanga mjini, wameniona mtandaoni. Niliandika "usafirishaji bure" kwa sababu niliona kurasa kubwa zinaandika hivyo. Sasa fuatana na wigi hiyo: imetoka Kariakoo na basi mpaka Mombo, ikapanda mlima mpaka Lushoto, ikaja mpaka huku Mtae zaidi ya kilomita 50 za barabara ya kona, ikakaa ukutani wiki tatu, halafu alfajiri nikakimbiza mzigo kwenye basi giza na ukungu ili ishuke tena mlima huo huo iende Tanga. Nauli zote mbili nimelipa mimi. Mteja wa Tanga angeweza kuagiza Kariakoo moja kwa moja! Ukiwa unauza mtandaoni jiulize bidhaa yako inapitaje, na kama wewe uko njiani au uko pembeni. Mimi nilikuwa pembeni, tena juu.

Kingine ni msimu. Mwezi wa sita mpaka wa nane huku ni baridi kweli, wanawake wanafunga vitambaa na kofia, nani anaona wigi? Ila ngozi zinapasuka, na mafuta ya mgando na gliserini vinatoka kuliko kitu chochote. Mwezi wa kumi na mbili watu wanapanda kutoka Dar na Tanga kuja Krismasi, harusi zinafuatana, na hapo vichwa vinapanga foleni. Kwa hiyo usiihukumu biashara ya urembo kwa mwezi mmoja wa baridi, na usijidanganye kwa mwezi mmoja wa Desemba pia.

Nikajilinganisha na kuajiriwa. Kule Lushoto nilikuwa nalipwa nusu ya kila kichwa, nikitoa chumba na chakula nilikuwa nabaki na kama 45,000. Hii namba ni muhimu sana kuijua, ndiyo bei ya jasho lako kwingine. Kama biashara yako haikupi hata hiyo, na hakuna msimu mzuri mbele, basi unajitolea.

Kuna njia ya tatu nilishauriwa. Muuzaji mmoja wa jumla aliniambia niweke krimu za kung'arisha, faida yake nusu kwa nusu. Nilishawishika, sitaficha. Lakini vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku Tanzania, na tangu 2019 TBS ndiyo wanaosimamia vipodozi. Zebaki inaharibu figo, na mama anayenyonyesha anaweza kumpitishia mtoto. Huku kwetu mteja ni shangazi yako, au jirani aliyekubeba ukiwa mdogo. Unamwangaliaje siku uso ukiharibika? Nikaona kama duka litasimama kwa krimu hizo tu, bora lisisimame.

Nilichoamua: mwisho wa mwezi wa nane nilirudisha fremu. Kiti, draya na kioo nimehamishia barazani nyumbani. Nauza rasta, mafuta ya mgando na gliserini tu. Wigi ni kwa oda, mteja anatanguliza nusu, na nauli ni yake. Zile zilizobaki niliziuza kwa bei niliyonunulia, iliuma lakini hela iliamka. Kati ya wale wawili niliowakopesha, mmoja amelipa kidogo kidogo mpaka akamaliza. Mwingine kanirudishia wigi imeshavaliwa, nami nimeipokea kwa sababu ni mama yangu mdogo na nitasema nini?

Mwezi wa kwanza wa baraza vichwa vilishuka mpaka 11. Nilipata 88,000, nikatoa umeme na bando 15,000, mafuta yakaniongezea 11,000. Ikabaki 84,000, yote taslimu. Marejesho ya 50,000 nimelipa mwenyewe.

Kwa wenye TIN ya biashara, nyongeza moja. Ukifunga au ukihama, usifunge mlango tu ukaondoka. Waarifu TRA kwa maandishi, na ubaki na nakala. Ukinyamaza, kwao bado uko kazini, na kodi inaendelea kuhesabiwa.

Mimi sijasema naendelea milele. Nimeandika tarehe kwenye jalada la daftari: 31 Januari. Kikoba kimebaki marejesho manne. Kama mpaka siku hiyo nitakuwa nimeshindwa kulipa hata rejesho moja kwa mikono yangu, kiti nitauza na nitarudi Lushoto kusuka kwa mtu. Mama nimemwonyesha ukurasa huo. Aliusoma taratibu, akaniuliza kama Desemba nitamsuka na yeye bure.

Nimemwambia ni 8,000. Hesabu ya Desemba nitaiweka hapa, iwe nzuri iwe mbaya.