Somo la Afya: Adui Wasioonekana katika Bweni la Wasichana



Mzazi atokaye Musumba, au kijiji kingine cha Lualaba, akimpeleka binti yake katika bweni la shule, hutazama kwanza mambo yaonekanayo. Hutazama kama mlango una kufuli, kama kitanda kipo, kama paa halivuji. Akiridhika humuaga mtoto, akarudi nyumbani kwa moyo mtulivu. Amefanya vema, lakini hajamaliza kazi yake. Kwa maana yako mambo yawadhuruyo wasichana kuliko mwizi na mvua, nayo hayaonekani kwa macho.

Tena, bweni si kama nyumba ya kijijini. Nyumbani chungu kimoja hulisha jamaa moja. Bwenini chungu kimoja hulisha wasichana wengi, na choo kimoja huwatosha au hakiwatoshi. Hapo kosa la mmoja huwa hasara ya wote, na uangalifu wa mmoja huwa faida ya wote. Basi leo tutataja adui watano wasioonekana, na kwa kila mmoja tutajifunza namna ya kumzuia.

1. Vijidudu vya mikononi

Vijidudu ni viumbe vidogo mno. Hutoka chooni, hushika mikononi, hubebwa na nzi, kisha huingia katika chakula na maji. Ndiyo njia ya kuhara, na ndiyo njia ya kipindupindu, ambacho hurudi mara kwa mara katika nchi zilizo kando ya mto Lualaba na maziwa yake.

Iko desturi ya kupitisha bakuli moja la maji kabla ya kula bukari, kila mtu akachovya mikono yake humo. Desturi hii ina adabu, lakini haina usafi. Wa kwanza hunawa. Wa mwisho hupokea uchafu wa wenzake wote. Yafaa mmoja amimine maji kwa kata, na mwenzake anawe kwa sabuni. Au dumu lenye tundu dogo litundikwe karibu na choo, maji yatiririke. Kama sabuni imekwisha, majivu ya jikoni yatumike.

Maji ya kunywa yachemshwe, yatiwe katika chombo chenye kifuniko, yachotwe kwa kata yenye mpini, wala si kwa kikombe kilichoshikwa na kila mtu. Msichana akiharisha, asiachwe bila kinywaji. Katika lita 1 ya maji safi tieni vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vijiko visawazishwe. Anywe kidogo kidogo, huku akipelekwa zahanati bila kukawia.

2. Sumu ya muhogo mchungu

Muhogo ni rafiki yetu, lakini muhogo mchungu una sumu. Mama zetu waliijua tangu zamani, ndiyo maana huuloweka siku tatu au zaidi mpaka ulainike, kisha huuanika juani. Lakini jiko la bweni hupenda haraka. Unga ukikaribia kwisha, mpishi au mwuzaji hujaribiwa kuuloweka siku moja tu. Unga huo huonekana mweupe na mzuri kama ule mwingine.

Matokeo yake yaweza kuwa ugonjwa uitwao konzo. Neno hili ni la lugha ya Wayaka wa Kwango, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliuandika ugonjwa huu mwaka 1938 katika nchi hiyo ya Kwango. Konzo huja ghafula. Mtu hulala mzima, akaamka miguu imekazana, wala hakuna dawa ya kuirudisha kama zamani. Nao huwapata zaidi watoto na wanawake. Huwapata hasa wale ambao kwa majuma mengi hula muhogo usiotayarishwa vema, pasipo samaki, nyama wala maharagwe, kwa sababu mwili hutumia vyakula hivyo kuivunja sumu.

Basi lisihesabiwe kuwa deni dogo kuukosesha unga siku zake za maji. Tena iko njia nyingine ya kuongeza usalama. Unga mkavu utiwe katika karai, na alama iwekwe pale unga ulipofika. Maji yaongezwe kidogo kidogo, huku ukikorogwa. Kwanza unga utashuka, kisha utapanda tena mpaka kwenye alama. Hapo utandazwe mwembamba juu ya mkeka safi, saa 2 juani au saa 5 kivulini, na sumu itatoka pamoja na hewa. Kisha upikwe siku ile ile. Mwaka 2010 akina mama wa kijiji kimoja cha Popokabaka, katika Kwango, walifundishwa njia hii, na katika muda walioangaliwa hakuonekana mgonjwa mpya wa konzo.

Na sombe vilevile: litwangwe vizuri, lichemshwe bila kifuniko, ili sumu itoke pamoja na mvuke.

3. Upungufu wa damu

Msichana aliyeanza kupata siku zake za mwezi hupoteza damu kila mwezi, na huku bado anakua. Malaria na minyoo humpunguzia damu nyingine. Kama chakula chake ni bukari na chumvi tu, damu hairudi. Mwalimu huona anasinzia darasani, akamwita mvivu. Kumbe si mvivu. Mtazameni ndani ya kope la chini: kama ni jeupe, kama huona kizunguzungu na moyo wake hupiga mbio akipanda mlima mdogo, apelekwe zahanati.

Chakula cha kuongeza damu si lazima kiwe cha matajiri. Maharagwe, karanga, samaki wadogo wakavu, mayai, na viwavi wa msituni ambao wazee wetu hawakuwadharau, vyote vina nguvu. Sombe na lengalenga pia husaidia, lakini mwili huchukua kidogo tu cha nguvu ya majani hayo, isipokuwa yameliwa pamoja na limau, pera au chungwa. Chai hufanya kinyume: ikinywewa pamoja na chakula, huizuia nguvu hiyo. Basi chai ingoje saa moja. Tena Shirika la Afya Duniani hushauri wasichana wapewe kidonge cha kuongeza damu mara moja kila juma, katika nchi ambazo wengi wana upungufu huu. Wazazi na waulize zahanati.

Bustani nyuma ya bweni, yenye lengalenga, maharagwe na miti michache ya mapera, yafaa kuliko ahadi nyingi.

4. Vumbi la machimbo

Adui huyu ni wa kwetu hasa, sisi tunaokaa karibu na Kolwezi. Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza habari za mtaa wa Kasulo, ambako watu walichimba kobalti katikati ya nyumba zao. Katika mkojo wa watoto wa mtaa huo walikuta kobalti mara 10 hivi kuliko ya watoto waliokaa mbali na machimbo. Vumbi ndilo liliwaingia.

Hapa wengi hukosea, wakidhani kwamba moto husafisha kila kitu. Moto huua vijidudu, lakini hauondoi madini. Maji yenye madini yakichemshwa hubaki na madini yale yale. Kwa hiyo maji ya bweni yasitekwe katika kijito kipokeacho maji ya machimbo. Mboga zioshwe mara kadhaa kwa maji safi. Sakafu inyunyizwe maji kabla ya kufagiwa. Nguo za ndugu atokaye mgodini zisifuliwe pamoja na shuka za wasichana. Na gunia lililowahi kubeba mawe ya madini lisitiwe unga hata siku moja.

5. Aibu

Tumemweka huyu mwisho kwa sababu yeye huwafungulia mlango wengine. Msichana mgeni bwenini hupata siku zake, akaogopa kusema. Hufua kitambaa usiku, hukificha chini ya godoro kikiwa bado kibichi, kisha hukivaa tena, na maradhi huingia. Mwingine hakosi kitambaa, lakini choo hakina mlango wala taa. Basi mchana kutwa hanywi maji, ili usiku asilazimike kutoka. Mwingine hukaa siku tatu kila mwezi bila kuingia darasani, mwisho huachwa nyuma na masomo, akarudi kijijini. Watu husema, "Shule imemshinda." Shule haikumshinda, aibu ndiyo iliyomshinda.

Wahenga walisema: Mficha maradhi, kifo humuumbua. Siku za mwezi si maradhi wala si uchafu wa moyo. Ndivyo mwili wa mwanamke ulivyoumbwa. Kitambaa cha pamba kibadilishwe kila baada ya saa chache, kifuliwe kwa sabuni, kikaushwe juani. Kwa ajili hiyo iwekwe kamba mahali palipozungushiwa ua, juu pawe wazi jua lipate kuingia. Choo kiwe na komeo kwa ndani, maji, na taa usiku. Na mama mlezi awaite wasichana wapya katika juma la kwanza, awaeleze wazi kama mama aelezavyo binti yake, asingoje waulize.

Maswali na majibu

Kwa nini bakuli moja la kunawia halifai?
Kwa sababu hupeleka uchafu wa mmoja kwa wote.

Unga mweupe ni unga salama?
La. Weupe hauonyeshi kama muhogo ulilowekwa siku za kutosha.

Maji ya kijito cha machimbo yakichemshwa hufaa kunywewa?
La. Moto huua vijidudu, hauondoi madini.

Msichana anayesinzia darasani aadhibiwe?
Kwanza atazamwe kama ana upungufu wa damu.

Mzazi aulize nini afikapo bwenini?
Aulize: Unga hulowekwa siku ngapi? Maji hutoka wapi? Kwa juma hula maharagwe au samaki mara ngapi? Choo cha wasichana kina komeo? Binti yangu amwendee nani akiwa na shida?

Maswali haya hayagharimu hata faranga moja, wala si utovu wa adabu kuyauliza. Mwenye bweni mwema atayafurahia. Na binti yenu arudipo likizo, msimcheke akikataa kuchovya mkono katika bakuli la wote, wala akiuliza muhogo ulilowekwa lini. Mpeni kata amimine maji, wadogo zake wanawe kwanza.